Kujiona na Kujitolea: Mwili wa Msanii katika Picha za Kuigiza

Utangulizi

Msafiri atokaye Nairobi kuelekea Mombasa hufika Kyumbi, mahali ambapo barabara ya Machakos huachana na barabara kuu. Hapo, au katika kituo kingine chochote cha njia hiyo, mtu anayehitaji picha ya kuambatisha kwenye fomu huketishwa mbele ya kitambaa cheupe, huambiwa anyanyue kidevu na asicheke, na baada ya muda mfupi hukabidhiwa sura yake mwenyewe ikiwa imerudiwa mara kadhaa katika karatasi moja. Mtu huyo amepigwa picha. Kauli hiyo ya kutendwa yaeleza hali yake barabara. Kiti, kitambaa, mwanga na hata namna ya kukaza uso vimeamuliwa na mwingine, na picha yenyewe yaenda kutumika katika ofisi ambayo huenda asiijue.

Makala haya yanachunguza kinyume cha hali hiyo, yaani picha ambamo mpigaji na mpigwaji ni mtu mmoja, na ambamo mtu huyo ameupanga mwili wake mbele ya kamera kama mwigizaji apangavyo mwili wake jukwaani. Tangu miaka ya 1970 picha za namna hii, hasa zile za rangi nyeusi na nyeupe, zimejipatia mahali pa heshima katika sanaa ya Afrika. Katika uhakiki wa Kiswahili, hata hivyo, hazijapata nafasi inayozistahili. Msomi wa fasihi huziona kuwa kazi ya mafundi wa kamera, na mtu wa kawaida huziona kuwa majivuno. Wasanii wawili watachunguzwa hapa: Samuel Fosso, aliyeanza kazi yake Bangui katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, na Ingrid Mwangi, mzaliwa wa Nairobi anayefanya kazi yake Ujerumani. Hoja itakayotetewa ni kwamba lugha ya Kiswahili yenyewe inacho kipimo cha kuzihukumia picha hizi, na kwamba kipimo hicho kina haki zaidi kuliko lawama ya majivuno.

Sarufi ya Kujipiga Picha

Katika sentensi "Musyoka alimpiga Mwende picha", kiambishi -m- chamwonyesha mtendwa. Katika "Musyoka alijipiga picha", nafasi ileile inashikwa na -ji-, na hivyo mtenda na mtendwa huwa mmoja. Mwanasarufi aweza kuishia hapo. Mhakiki hawezi, kwa sababu vitenzi vyenye -ji- havina tabia moja.

Kundi kubwa la vitenzi hivyo ni la lawama: kujigamba, kujidai, kujitapa, kujitia. Hata kitenzi kisicho na hatia kama "ona" hupata sumu kikipewa -ji-. Mtu akisemwa kwamba anajiona, hakuna anayefikiri kwamba amesimama mbele ya kioo. Maana yake ni kwamba ana kiburi. Jamii iliyoiunda lugha hii ilimshuku mtu ageuzaye macho yake kujielekea mwenyewe, na shaka hiyo ndiyo inayomwandama hadi leo msanii ajipigaye picha.

Hata hivyo lipo kundi la pili: kujitahidi, kujitegemea, kujitambua, kujitolea. Kitenzi hiki cha mwisho chastahili kuangaliwa kwa makini. Kujitoa ni kujiondoa mahali au katika shughuli. Kujitolea ni kuitoa nafsi kwa ajili ya jambo au kwa ajili ya watu. Tofauti ya umbo ni ndogo sana, yaani kinyambuo cha kauli ya kutendea, lakini kinyambuo hicho ndicho kinachomwingiza mtu wa pili katika tendo. Bila hicho nafsi hubaki peke yake. Kikiwapo, nafsi ina mtu wa kumfaa.

Basi swali la kuulizwa mbele ya kila picha ya namna hii laweza kutungwa kwa maneno ya Kiswahili pasipo kuazima istilahi yoyote: je, msanii huyu anajiona, au amejitolea? Na kama amejitolea, amejitolea kwa nani?

Mwili Uliopigwa na Wengine

Swali hilo lina uzito wa pekee katika nchi ya Wakamba. Mwaka 1910 C. W. Hobley, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu juu ya mila za Wakamba na majirani zao. Miaka michache baadaye Msweden Gerhard Lindblom alifanya utafiti wake miongoni mwa Wakamba, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1916, kisha kikapanuliwa mwaka 1920, hutegemewa na wataalamu hadi sasa. Vitabu vya aina hii vilibeba picha nyingi za rangi nyeusi na nyeupe. Ndani yake watu husimama wima, hutazama mbele au hugeuzwa upande, na chini yao huandikwa kabila, jinsia, pambo la sikio au mtindo wa kuchonga meno. Mara nyingi jina la mtu halimo. Mama wa mtu fulani, aliyekuwa na shamba lake na madeni yake, aliingia maktabani akiwa kielelezo cha mapambo.

Haitoshi kusema kwamba wapigaji hao walikuwa wabaya. Lindblom alikuwa mwanafunzi mwaminifu wa lugha na desturi, na bila kazi yake mengi yangepotea. Jambo linalohusika hapa ni mpangilio wa tendo lenyewe. Mwili wa Mkamba ulikuwa mtendwa, na mtenda alikuwa nje ya picha, haonekani, hahojiwi. Sheria ya kipande, iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilifuata mantiki hiyohiyo. Mwanamume Mwafrika alichukuliwa alama za vidole, akavishwa shingoni kasha la chuma lenye karatasi iliyosema yeye ni nani na ameajiriwa na nani. Mwili wake uligeuzwa hati iliyosomwa na wengine.

Wakamba hawakukubali daima kuwa watendwa. Mwaka 1938 serikali ilipoanza kuwanyang'anya mifugo na kuiuza kwa nguvu, kwa kisingizio cha kuhifadhi udongo, maelfu ya wanaume, wanawake na watoto walikwenda Nairobi chini ya uongozi wa Muindi Mbingu. Waliketi Kariokor kwa majuma kadhaa wakidai kuonana na gavana. Mbingu alikamatwa, akahamishiwa Lamu, lakini kabla mwaka huo haujaisha serikali ililegeza amri yake. Maombi ya maandishi yaliweza kufungiwa ndani ya saraka. Watu walioketi uwanjani hawakuweza kufungiwa. Waliweka miili yao mahali ambapo haingewezekana kutoiona. Tendo hilo halikuwa sanaa, lakini ndani yake mna chembe ya sanaa inayozungumziwa hapa: mtu huuchagua mwenyewe mkao wa mwili wake, na huuchagua kwa ajili ya wengine.

Studio na Mteja

Kati ya picha ya mtafiti na picha ya msanii ipo hatua moja isiyofaa kurukwa, nayo ni studio ya mjini. Huko Unguja, Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Huko Mombasa, N. V. Parekh aliwapiga picha wakazi wa mji, Waswahili kwa Wahindi, na hasa picha zake za miaka ya 1950 na 1960 zimesifiwa. Katika studio hizo uhusiano wa mtenda na mtendwa ulianza kulegea. Mteja alikuja na kanzu yake au gauni lake la harusi, alichagua kusimama na rafiki au kuketi peke yake, alishika saa, redio au ua. Fundi alishika kamera, lakini sura iliyotoka ilikuwa imeamuliwa na watu wawili.

Wapo wanaozidharau picha hizo kwa kuwa ni za kuigiza. Dharau hiyo haina msingi. Mtu anayeazima saa ili apigwe picha hasemi uongo juu ya mali yake tu. Anasema pia neno la kweli juu ya matumaini yake. Mteja wa studio ndiye mwigizaji wa kwanza wa picha katika Afrika ya Mashariki, na msanii ajipigaye picha ni mrithi wake. Mrithi huyo ameongeza jambo moja tu: ameichukua na kamera yenyewe.

Samuel Fosso: Kutoka kwa Bibi hadi kwa Lumumba

Samuel Fosso alizaliwa Kumba, Cameroon, mwaka 1962, akalelewa Nigeria miongoni mwa Waigbo. Baada ya vita vya Biafra alichukuliwa na mjomba wake hadi Bangui. Alijifunza upigaji picha kwa miezi michache, na mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 13, akafungua studio yake. Mchana aliwapiga picha wateja. Jioni, filamu ilipobaki na nafasi chache zisizotumika, alijipiga mwenyewe ili asiitupe, na baadhi ya picha hizo alimpelekea bibi yake Nigeria apate kuona kwamba mjukuu wake yu mzima.

Habari hii husimuliwa sana kama kichekesho cha utotoni, lakini kwa mhakiki ina maana nzito. Kijana aliyetenganishwa na ukoo wake kwa vita hutuma mwili wake kwa njia ya karatasi. Katika picha hizo za 1975 hadi 1978 amevaa suruali pana, miwani myeusi na viatu vya kisigino kirefu. Amesimama mbele ya mapazia na kuigiza vijana wa magazeti na wa sahani za muziki. Hapana shaka kwamba kuna kujiona ndani yake, kwa maana kijana wa miaka kumi na mitano asiyejiona hayupo. Hata hivyo picha hizo zilikuwa na mpokeaji. Zilikuwa barua, na barua ina mtu wa pili.

Mwaka 1994 picha hizo zilionyeshwa katika maonyesho ya kwanza ya upigaji picha wa Kiafrika huko Bamako, na jina la Fosso likavuka mipaka. Kazi yake inayohusu hoja hii zaidi, hata hivyo, ni mfululizo wa mwaka 2008 uitwao "African Spirits". Humo Fosso amejigeuza viongozi na wapiganaji wa watu weusi: Kwame Nkrumah, Nelson Mandela, Malcolm X, Angela Davis, Muhammad Ali, Haile Selassie, Martin Luther King, Patrice Lumumba na wengineo. Hakutunga mikao mipya. Alichukua picha zilizokwisha kujulikana duniani, akaupinda mwili wake mpaka ukaingia ndani ya kila moja.

Uamuzi wa kutumia rangi nyeusi na nyeupe haukuwa wa urembo. Rangi ingeifunga picha na mwaka 2008. Weusi na weupe huondoa alama hiyo ya wakati, na mtazamaji huona kwanza waraka wa kale, kisha hushtuka kidogo: huyu siye. Mshtuko huo mdogo ndio kiini cha kazi nzima. Endapo mtazamaji asingedanganyika hata kidogo, picha ingekuwa mzaha. Endapo angedanganyika kabisa, ingekuwa nakala ya kughushi. Fosso hukaa katikati, ambapo nyuso mbili huonekana katika uso mmoja.

Mfano wa King unafaa kuangaliwa. Picha iliyoigizwa ni ile ya polisi wa Montgomery, ya mwezi Februari 1956, ambamo King ameshika kibao cha namba ya mahabusi. Hiyo ilikuwa picha ya kutendwa kwa maana kamili, kwa sababu aliyeipiga alikusudia kumpunguza mtu hadi akawa namba. Fosso amekishika kibao hichohicho kwa hiari yake. Tendo la nje ni lilelile, lakini mtenda amebadilika, na kwa hiyo maana imebadilika. Mwalimu wa sarufi angetafuta sana kabla ya kupata mfano bora wa -ji-.

Mfano wa Lumumba una uzito zaidi, na ndio unaoonyesha kwamba jambo linalobishaniwa hapa si la urembo. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Wauaji wake hawakutosheka kumwua; mwili ulikatwakatwa na kuyeyushwa kwa asidi ili pasiwe na kaburi la kuzuriwa. Kilichobaki ni jino moja, ambalo Ubelgiji ililirudisha kwa jamaa zake mwezi Juni 2022. Miaka kumi na minne kabla ya jino hilo kurudi, Fosso alivaa miwani na mavazi rasmi, akaketi mbele ya kamera, akamwazima Lumumba mwili. Hapa kitenzi cha kujitolea kinapata maana yake halisi. Mtu aliyenyimwa hata maiti yake amepewa mabega, shingo na macho ya mtu aliye hai.

Sifa hizi zisimzuie mhakiki kuona upungufu. Katika mfululizo huo wanaume ni wengi mno kuliko wanawake, kana kwamba historia ya ukombozi iliandikwa na jinsia moja. Isitoshe, si kila picha imefanya kazi sawa. Katika picha ya Haile Selassie vazi la mamlaka limefanya kazi kubwa kuliko uso, na Fosso aonekana kama mtu aliyevalishwa. Inafaa pia kuuliza kwa nini mashujaa wa Afrika huazimiwa katika mikao iliyokwisha kuchaguliwa na wapigaji wengine, ambao baadhi yao walikuwa polisi au waandishi wa magazeti ya nje. Msanii amebadilisha mtenda, lakini hakubadilisha fremu.

Udhaifu wa kumbukumbu hizi ulionekana mwezi Februari 2014, wakati wa machafuko ya Bangui, nyumba ya Fosso ilipoporwa na filamu zake kutupwa nje. Waandishi wa habari waliopita waliokota sehemu yake. Mtu aliyetumia maisha yake kuwaazima wengine mwili alikaribia kuupoteza wake wa karatasi uchochoroni.

Ingrid Mwangi: Ngozi Ikiwa Filamu

Ingrid Mwangi alizaliwa Nairobi mwaka 1975, baba yake Mkenya na mama yake Mjerumani, akahamia Ujerumani akiwa na umri wa miaka 15. Huko alisomea sanaa Saarbrücken. Tangu mwaka 2005 yeye na mumewe, Robert Hutter, wameunganisha majina yao na kujitambulisha kama msanii mmoja, jambo ambalo lenyewe ni uchokozi kwa yeyote anayedhani kwamba nafsi ya msanii ni kisiwa.

Kazi yake ya mwaka 2001 iitwayo "Static Drift" ina picha mbili za tumbo lake mwenyewe. Zimechapwa kwa rangi, lakini weusi na weupe ndio jambo linalozungumzwa ndani yake. Mwangi aliziba sehemu za ngozi kwa vipande vilivyokatwa kwa umbo la ramani na herufi, kisha akajianika juani. Palipozibwa pakabaki na weupe, palipoachwa wazi pakaungua na kuiva. Katika picha moja imetokea ramani ya Ujerumani ikiwa nyeusi kuliko ngozi inayoizunguka, pamoja na maneno ya Kiingereza yanayoiita nchi iliyoungua ikaisha. Katika ya pili imetokea ramani ya Afrika ikiwa nyeupe, na maneno yanayoiita bara jeusi linalong'aa.

Fosso aliigeuza ngozi yake kuwa vazi la wengine. Mwangi amekwenda hatua moja mbele, kwani ngozi yake ndiyo filamu. Jua limefanya kazi ya mwanga wa studio, na kamera imekuja baadaye kunakili picha ambayo tayari mwili ulikuwa umeipiga. Kejeli ya ramani hizo ni rahisi kuielewa. Bara lililoitwa la giza limetoka jeupe, na nchi ya weupe imetoka nyeusi, juu ya tumbo moja la mtu mmoja. Wale wanaomwuliza mtoto wa wazazi wawili kama huyo kwamba yeye ni wa wapi hasa wamejibiwa kwa rangi ambayo hubadilika kwa saa chache za jua na kufifia baada ya majuma machache.

Je, Mwangi amejitolea kwa nani? Jibu laweza kutafutwa katika vitabu vya Hobley na Lindblom. Huko mwili wa mwanamke wa Kenya ulipigwa ili uonyeshe alama zilizomo juu yake, kama vile chale, shanga na mapambo. Mwangi ameweka alama zake mwenyewe, akajiandikia maelezo yake mwenyewe, akayaandika mahali ambapo hakuna mhariri awezaye kuyafuta bila kumgusa. Amejibu kwa niaba ya waliopigwa bila kuulizwa. Huo ndio utumishi wake, na ndio unaoitofautisha picha yake na picha ya tumbo lililopigwa ili lisifiwe.

Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza husema kwamba sanaa hii ni ya kigeni na ya ubinafsi, na kwamba sanaa ya Kiafrika ni ya jumuiya. Msemaji wa hoja hiyo amemsahau fanani. Mtambaji wa hadithi hutumia nini kama si mwili wake? Hukunja uso akawa fisi, huinua mabega akawa mfalme, hubana sauti akawa msichana aliyefungiwa na zimwi, na hadhira humjibu. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mtambaji anajiona. Vilevile wachezaji wa ngoma za Kikamba, ambao kuruka na kujipindua kwao kunajulikana Kenya nzima, huonyesha miili yao bila kulaumiwa, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba wanawachezea watu. Kauli ya kutendea imo ndani ya tendo lao.

Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili nao umekwisha kulikubali jambo hili. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo juu ya kesi ya Dedan Kimathi ilichezwa Nairobi mwaka 1976, na tafsiri yake, "Mzalendo Kimathi", ikatoka mwaka 1978. Mwigizaji alimwazima Kimathi mwili, na hakuna mwalimu aliyeona ajabu. Kama tendo hilo ni halali jukwaani, ni vigumu kueleza kwa nini liwe kiburi mbele ya kamera. Tofauti iliyopo ni ya chombo: jukwaa hufungwa usiku uleule, picha hubaki.

Pingamizi la pili ni la haya. Mwili una sitara yake, na tumbo la mwanamke halikuumbwa litundikwe ukutani. Pingamizi hili ni la heshima, na halifai kukejeliwa, kwa kuwa lina msingi katika dini na katika malezi ya watu wengi. Lakini lina deni la kulipa kwanza. Picha za wanawake walioachwa vifua wazi na wapigaji wa kikoloni zimelala katika maktaba kwa zaidi ya miaka 100, wanafunzi huzifungua na kuzifunga, na sauti ya haya haijasikika sana juu yao. Haya inayomwamkia mwanamke pale tu anaposhika kamera mwenyewe ni ya kutiliwa shaka. Haifuati kwamba kila uchi ni sanaa. Kipimo ni kilekile: picha isiyo na mtu wa pili, isiyomfaa mwingine zaidi ya aliyejipiga, imebaki katika kundi la kujiona hata ikipewa maelezo marefu kiasi gani.

Hitimisho

Imejaribiwa kuonyeshwa kwamba picha za kuigiza za msanii ajipigaye mwenyewe zina uhusiano wa karibu na fasihi simulizi na tamthilia, na kwamba Kiswahili kinazo nyenzo za kuzihakiki. Kuna kazi mbili zinazowasubiri walimu wa idara za lugha. Ya kwanza ni kuzileta picha hizi darasani, kwa kuwa mpaka sasa zimetundikwa zaidi katika makumbusho ya Ulaya na Marekani kuliko katika shule za Afrika ya Mashariki. Ya pili ni kuwafundisha wanafunzi kuzisoma zile picha za zamani kwa kuanza na swali la mtenda: nani alisimama nyuma ya kamera, na jina la aliye mbele yake liko wapi?

Ipo picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe ambayo karibu kila Mkenya ameiona. Ni ya mwezi Oktoba 1956: Dedan Kimathi, akiwa amejeruhiwa, amelala juu ya machela, mikono imo pingu. Ilipigwa na upande wa waliomkamata ili watu waone kwamba amekwisha. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa bila alama ya kaburi. Fosso hakumtia katika mfululizo wake. Atakayejilaza siku moja katika mkao huo mbele ya kamera yake mwenyewe atakuwa na jambo gumu la kuamua: kama ataziacha pingu mikononi ili ukweli usipotee, au atazifungua na kuibadilisha fremu ambayo Fosso aliiacha ilivyo. Uamuzi huo hauwezi kufanywa na mhakiki. Kazi ya mhakiki ni kuwa na lugha ya kuupokea utakapofanywa.

Wakati huohuo, huko Kyumbi kitambaa cheupe bado kimetundikwa, na mtu mwingine anaambiwa asicheke.